Kiboko Alichokipokea Babu Yako

Mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana upo hapo uani nakusikia unacheka na shangazi yako anayekukaangia vitumbua vya safari. Ukuta mmoja tu ndio uliotutenga, na bado nimeona heri nishike kalamu. Mambo haya nikianza kuyasema kwa mdomo utaniona nalia, utanikumbatia, nami nitanyamaza kabla sijafika penye neno lenyewe. Herufi hizi ulinifundisha wewe mwenyewe ulipokuwa darasa la pili, ukinipiga vidole kwa ufito wa ufagio kila nilipokosea, ukimwigiza mwalimu wako. Kwa hiyo usicheke mwandiko wangu. Barua hii isome garini, ukishapita Msata, si hapa.

Habari ya nguo, ya chakula na ya kuswali kwa wakati, baba yako amekwisha kukuusia, sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza kwa nini siku ile sikufurahi.

Ulipoingia ukatuambia kwamba bwana wa shamba la mkonge amekuchagua uwe nyapara, baba yako alisimama akakupa mkono kama anayempa mkono mtu mzima mwenzake. Mimi nikaenda jikoni. Ulinifuata ukaniuliza kulikoni, nikasema moshi umeniingia machoni. Hukuridhika, nilikuona. Ukasema, "Mama, nimepewa kundi zima la manamba, wote chini yangu. Bwana amesema ni wakorofi, nisiwachekee." Ukasema hayo huku unatabasamu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekuficha jambo lisilofaa kufichwa.

Babu yako Feruzi, baba yangu, hukumkuta. Umekua ukisikia kwamba alikuwa msimamizi wa shamba kubwa la miwa huko Kirongwe, upande wa mto Wami, na kwamba watu walisimama kila alipopita. Ni mimi niliyekuambia hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa udogoni. Na mzee niliyemjua mimi alikuwa mpole kupita kiasi. Alisuka makuti ya kuuza, alifagia msikiti wa mtaa wetu bila kuombwa, alinibeba mabegani kwenda sokoni hata miguu yangu ilipokuwa mirefu ya kumfikia kiunoni. Hakunipiga hata siku moja. Jirani akimchapa mwanawe, baba huinuka akatoka, akazunguka mtaa mpaka kilio kitulie. Chai yake hakuitia sukari, na mama naye vivyo hivyo. Nilidhani ndiyo ladha ya wazee.

Alifariki mwaka ule niliochukua mimba yako. Mama, yaani bibi yako Zafarani, alikaa eda akaitimiza. Asubuhi alipotoka eda aliniambia nimpeleke Kirongwe. Nikamuuliza kuna nini huko. Akasema dada yake alifia kule, anataka kuliona kaburi lake. Nilikuwa mke wa mtu tayari, na sikuwahi kusikia kwamba mama yangu ana dada.

Baba yako alikataa kwa ajili ya mimba. Mama akamjibu kwa adabu kwamba basi atakwenda peke yake kwa miguu, na akianguka njiani tumzike hapo hapo. Baba yako akatafuta lori. Lilikuwa la mnunuzi mmoja wa mbata, likatushusha mahali pasipokuwa na hata kibanda, dereva akatuonyesha njia na kusema atapita kutuchukua jua likianza kushuka. Tukatembea vichakani, mama mbele. Kwa umri wake ule alitembea kama mtu anayechelewa.

Nilitazamia kuona pori. Nikakuta nyumba ya mawe na chokaa, kubwa, paa limeanguka ndani, na mizizi imepasua kuta. Miwa ilikuwapo bado, imejiotea ovyo, myembamba kama mabua. Katikati ya uwanja kilisimama kinu. Ni magogo matatu ya chuma yaliyosimama wima, yameshikana meno, na juu yake boriti ndefu ya kufungia punda wazunguke. Pembeni kulikuwa na masufuria ya chuma ya kuchemshia maji ya miwa, kila moja linamtosha mtu kulala ndani, yamejaa maji ya mvua. Mama alilishika moja ukingoni, akaliachia haraka kana kwamba lina moto.

Alitokea mzee kutoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amelima muhogo humo humo ndani ya uwanja, na panga lilikuwa mkononi. Mkono wa pili haukuwapo, uliishia chini kidogo ya kiwiko, na ngozi ya pale mwisho ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mama.

"Zafarani," akasema.

"Ndiye mimi, Songoro."

Hawakupeana mikono. Mzee akauliza Feruzi yuko wapi. Mama akasema amekufa. Akauliza amekufaje, mama akasema kitandani kwake, usingizini, ametawadha. Yule mzee akatema mate chini. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama uso, akanitazama na tumbo. Unajua mwenyewe jinsi watu wote wasemavyo kwamba nimefanana na baba yangu, paji la uso na macho.

Mwanangu, kovu hili la begani nililokuambia kwamba niliteleza kisimani, si la kisimani. Sikuona panga likiinuka. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto, nikapiga magoti, na nikaona khanga yangu inageuka rangi. Jambo la kwanza nililofanya nilijikunja juu ya tumbo, nikakufunika wewe. Nilimsikia mama akija, na akasimama baina yetu. Hakupiga ukelele. Alisema tu, kwa sauti ya kila siku:

"Mmalize ukitaka. Lakini ujue huyu nimemzaa mimi, ndugu yake Tabu. Hakuna damu nyingine ya Tabu iliyobaki duniani."

Mzee akasimama vile vile na panga juu. Kisha akalitupa panga mbali, kwenye muhogo, akaketi chini kama mtu aliyekatwa yeye. Baada ya muda akainuka akaleta majani, akayatafuna, akanibandika, akanifunga kwa kitambaa, kwa mkono mmoja na meno. Bega lile linaniuma mpaka leo nikichota maji. Na simlaumu, utaona kwa nini.

Tukiwa tumekaa pale chini ya kinu, mimi nimeegemea mapaja ya mama, ndipo waliponieleza, mmoja akinyamaza mwenzake anaendelea.

Walikuwa watumwa, wote wanne. Mama na dada yake Tabu waliibwa bara wakiwa wadogo, wakauzwa pamoja. Songoro na baba yangu walinunuliwa na mwenye shamba yule yule. Na mwenye shamba hakuwapiga watumwa kwa mkono wake, alikuwa mtu wa kanzu safi na tasbihi. Aliyepiga alikuwa nokoa, yaani mtumwa aliyewekwa juu ya watumwa wenzake. Nokoa wa zamani alipokufa, mwenye shamba alimwita Songoro, kwa kuwa alikuwa na nguvu kuliko wote, akampa kiboko cha ngozi alichokiacha nokoa yule. Songoro akakirudisha. Alichapwa kwa kukirudisha. Ndipo akaitwa Feruzi, naye akakipokea.

Mama alisema kwamba siku za kwanza Feruzi alikuwa akipiga ardhi, kando ya mguu wa mtu, na kupaza sauti tu. Mwenye shamba akaligundua. Akamwambia kwamba nokoa asiyejua kupiga atafundishwa kwa mgongo wake mwenyewe. Baada ya hapo akapiga watu. Na mama akasema jambo ambalo nilimwomba alirudie, kwa kuwa nilidhani sikusikia vizuri. Alisema, "Mwanzo alipiga kwa kuogopa. Halafu ikafika siku nikamwona anapiga na hakuna mtu anayemtazama."

Songoro na Tabu walikuwa mtu na mkewe, kwa namna watumwa walivyoruhusiwa kuwa. Tabu alipopata mimba wakakusudia kutoroka, kuvuka Wami na kwenda kwa watoro waliojenga mji wao huko Uzigua. Mama hawakumchukua, alikuwa na homa. Walifika mtoni. Feruzi aliwafuata na watu wake akawakuta kwenye matete, wanangoja maji yapungue, akawarudisha wamefungwa shingo kwa mti mmoja.

Mwenye shamba akatoa kiti chake nje. Akasema mwanamume ana kazi nyingi bado, hawezi kuharibiwa, basi apigwe mwanamke. Tabu akafungwa kwenye nguzo ya kinu kile tulichokuwa tumekaa chini yake. Mama alilazimishwa kutazama, akishikwa kichwa asigeuze uso. Feruzi alipiga. Mama anasema ngozi ilipokwisha kupasuka, sauti ya kiboko ilibadilika, na sauti ile ndiyo aliyokuwa akiisikia kila baba alipokung'uta mkeka. Tabu aliita jina la mama yao, kisha akaita jina la Songoro, kisha akamwita Feruzi, akamwambia, "Feruzi, nina mtoto." Feruzi akatazama kule kwenye kiti. Pale kwenye kiti hapakutoka neno. Akaendelea. Tabu alikata roho kabla ya adhuhuri, na mtoto ndani yake.

Songoro alijing'oa kwenye kamba akamrukia Feruzi kooni. Walimtoa watu watano. Mwenye shamba akasema mkono uliomshika nokoa lazima ulipe, ila uwe wa kushoto, wa kulia ubaki kwa kazi. Wakaupeleka kwenye kinu, baina ya magogo ya chuma, na aliyempiga punda mgongoni ili azunguke alikuwa baba yangu. Mkono ulisagwa mpaka karibu na kiwiko. Walipomtoa, wakakata kilichobaki kwa panga, wakamchovya kwenye sukari guru inayochemka ili damu ikome. Songoro alinionyesha lile sufuria kwa kidevu. Akasema harufu ilikuwa nzuri, na kwamba hilo ndilo asilomsamehe Mungu.

Jioni hiyo mwenye shamba alimwita Feruzi, akamsifu kwa kumrudishia watoro, akamwuliza anataka zawadi gani. Feruzi hakujibu. Basi mwenye shamba akachagua mwenyewe. Akampa mama yangu.

Mimi ni mtoto wa zawadi ile, mwanangu. Na wewe ni mjukuu wake.

Mama alimwuliza Songoro kaburi liko wapi. Hakuna kaburi, Songoro akasema. Feruzi aliamriwa, naye akawaamuru wengine, na Tabu akatupwa mtoni penye mamba. Mama alikuwa ameingoja safari ile maisha yake yote, na hapakuwa hata na mahali pa kumwaga maji. Akavua ushanga wake mmoja, akaufunga kwenye nguzo ya kinu, tukasoma Fatiha.

Nilimwambia Songoro kwamba yeye alikuwa mtu shujaa kwa kukataa kile kiboko. Nilisema hivyo nikidhani namheshimu. Alinitazama kwa hasira kuliko alivyonitazama akiwa na panga.

"Usinisifu," akasema. "Kila siku nautazama mkono huu najiambia, ningekubali mimi, Tabu angekufa kwa uzee. Ningewapiga wengine, yeye nikamwacha. Nilikataa nikaona nimejisafisha, kumbe kiboko nimempa Feruzi."

Nimekuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema kwa kuwa sitaki udhani kwamba najua jibu lililo jepesi na nakuficha.

Tulirudi kulingoja lori. Njiani nilimwuliza mama aliwezaje kuishi na mtu yule, kumpikia, kumzalia. Alisema watoto aliwazaa wanne kabla yangu, wote wakafa, na kila mmoja alipokufa alimwona baba akilia na yeye moyo wake ukawa mkavu. Kisha akasema kwamba mwaka wa kwanza alimtilia sumu. Baba alikula, akatapika damu usiku kucha, akagaagaa chini. Kulipokucha alimtazama mama, akajua. Mama akangoja kuuawa. Lakini alipopika tena, baba alinawa mikono, akaketi, akavuta sahani, akala yote, tonge kwa tonge, huku anamtazama.

"Ulitia tena?" nikauliza.

"Sikutia," mama akasema. "Na tangu siku ile sikumjua ni mtu wa namna gani."

Mzungu alipotangaza kwamba utumwa umekwisha, wazazi wangu walikuwa wamekwisha kuhamia hapa Bagamoyo zamani, baada ya mwenye shamba kufa na wanawe kugombana. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Watu walimwona mzee anafagia msikiti wakamwita mcha Mungu. Pengine alikuwa hivyo. Sijui kama alitubu, kwa maana hakuwahi kumtamkia mtu. Songoro alikuwa hai na aliishi mwendo wa nusu siku, na baba hakwenda kumwona hata mara moja. Hilo ndilo ninalomhesabia, kuliko hata kinu. Pale kinuni alikuwa mtumwa. Lakini miaka yote aliyokuwa mtu huru na njia iko wazi, nani alimzuia?

Nilipofika nyumbani sikutaka kusikia jina lake. Nilitoa mkeka wake nje nikautia moto, baba yako akadhani nina wazimu wa mimba. Halafu wewe ukazaliwa, na siku moja ukiwa mdogo sana ulikunja uso kwa namna yake, nikajikuta nacheka, nikakubusu pale pale penye kunyanzi. Nilimpenda, mwanangu. Nampenda sasa hivi ninapoandika. Nimejaribu kuacha na sikuweza, na sikukueleza habari zake kwa sababu nilitaka na wewe umpende kidogo kabla hujamjua. Nadhani nilikosea. Mtu hapaswi kupewa babu nusu.

Sasa unakwenda kusimama mbele ya watu. Watu wenyewe sikuwaona, lakini nimewahi kuona lori lao likipita, wamesimama wamebanana, wageni wa nchi za mbali, wamepewa namba badala ya majina. Huko kuna mashine ya kukamua mkonge mnayoiita korona, nasikia nayo hula mikono. Bwana wako hatakuwa mtu mbaya wa kutisha. Atakuwa na shati safi. Atakuambia usiwachekee. Siku za kwanza utapiga kelele tu, utapiga ardhi. Kisha atagundua.

Sikuambii ukatae kazi. Baba yako anazeeka, macho yake hayapitishi tena uzi kwenye sindano ya cherehani, na wewe umesoma, hukusomea kukata mkonge. Nawe utanijibu kwamba ukikataa watampa mwingine aliye mbaya zaidi. Najua. Nimelisikia jibu hilo kutoka kwa mtu mwenye haki ya kulitoa kuliko wewe, na mkono wake haukuwapo.

Lakini sikiliza neno langu hili moja, maana sina jingine. Wewe si mtumwa. Hakuna atakayekufunga shingo ukisema sipigi. Watakachokuchukulia ni mshahara, na kofia, na furaha ya baba yako, nami nitamwambia baba yako mwenyewe. Ukiona siku hiyo imefika, rudi. Rudi mchana, watu wakuone, usiingie kwa aibu. Chakula kitakuwapo.

Na usiporudi, nikasikia kutoka kwa wapita njia kwamba kijana wa Bagamoyo huko mkongeni anajua kupiga, sitakuandikia barua ya pili. Nitapanda lori. Nitafika alfajiri, kabla hujawapanga watu wako, nitasimama kwenye mstari pamoja nao, mahali popote watakaponipisha, nami nitavua khanga ya begani ili uone pa kuanzia kupiga. Ukifika kwangu, usiniruke.

Mungu akufikishe salama.

Mama yako akupendaye,
Mwanakombo binti Feruzi